Kinywaji na Nchi Yake: Vilima vya Mvinyo vya Italia, Mizabibu ya Dodoma na Asali ya Kajiado

Asali safi haichachuki. Karibu asilimia 80 ya uzito wake ni sukari, na chachu haiwezi kufanya kazi penye maji machache kiasi hicho. Ikichanganywa na maji na kuwekwa mahali pa vuguvugu huanza kutoa povu, na baada ya wiki moja hivi huwa kinywaji chenye kilevi. Zabibu hazihitaji kuongezewa maji. Maji na sukari vimo ndani ya tunda, chachu imo shambani na ghalani, na zikipondwa tu kazi huanza. Kwa hiyo mvinyo wa Italia na pombe ya asali ya Wamaasai wa kaunti ya Kajiado nchini Kenya, enaisho, hufuata kanuni moja ya maumbile: chachu hula sukari na kuacha kilevi.

Hata hivyo, Barolo au Chianti ikitajwa, msikilizaji huona kilima, mji wa mawe na safu za mizabibu. Pombe ya asali ya Kajiado ikitajwa, hakuna picha ya mahali inayokuja, ingawa kinywaji hiki hutegemea miti, udongo na mvua za mahali fulani sawa na mzabibu wowote. Sababu haiko katika ubora wa kinywaji. Waitaliano waliambatanisha jina la kinywaji na mpaka wa ardhi, na jina hilo likaipa ardhi thamani ikiendelea kuwa shamba. Kajiado hapakuwa na jina la namna hiyo, na ardhi ikapata thamani kubwa zaidi kwa kukatwa viwanja. Habari za Italia zinastahili kusomwa katika miji ya Kajiado kama Kitengela na Isinya kwa sababu hiyo hasa.

Italia ina milima na vilima vingi kuliko tambarare. Safu ya Alpi huikinga upande wa kaskazini, na ile ya Apenini hupita katikati ya nchi hadi kusini kabisa. Mikoa yake yote 20 hutengeneza mvinyo. Wakati wa baridi mzabibu hupukutisha majani na kulala. Joto likirudi huchipua, hubeba matunda kiangazi, na mavuno huja kati ya Agosti na Oktoba kulingana na mahali. Usingizi huo wa mzabibu ni jambo la kukumbuka, kwa kuwa ndio unaotenganisha kilimo cha Ulaya na kile kinachowezekana karibu na ikweta.

Katika mkoa wa Piemonte, kusini-mashariki mwa mji wa Torino, kuna vilima vya Langhe. Udongo wake ni mfinyanzi uliochanganyika na chokaa, masalia ya sakafu ya bahari ya kale. Zabibu inayotawala huko ni Nebbiolo, ambayo hukawia kuiva mpaka Oktoba, wakati ukungu wa asubuhi umejaza mabonde. Kutokana nayo hutengenezwa Barolo, mvinyo unaoruhusiwa kutoka katika wilaya ndogo 11 tu na ambao sheria hutaka ukae miezi 38 kabla ya kuuzwa, 18 kati ya hiyo ndani ya mapipa ya mbao. Mgeni anayeiona Langhe leo, na mashamba yake yaliyochanwa kama nywele, hudhani imekuwa ya kitajiri tangu zamani. Haikuwa hivyo. Hadi baada ya Vita vya Pili vya Dunia ilikuwa nchi ya wakulima maskini, na vijana wengi waliiacha kwenda kufanya kazi katika viwanda vya magari vya Fiat huko Torino. Vilima vya Langhe, Roero na Monferrato viliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2014, na kilichotambuliwa ni mandhari iliyotengenezwa kwa mikono ya watu.

Kwa Mkenya, pembe hii ya Italia si ngeni sana. Huko huko Piemonte, katika kijiji cha mizabibu kilichoitwa Castelnuovo d'Asti, alizaliwa padre Yohane Bosco, maarufu kwa jina la Don Bosco, mwaka 1815, na mwaka 1851 akazaliwa Giuseppe Allamano, mwanzilishi wa Wamisionari wa Consolata, waliofika Kenya mwaka 1902. Kijiji hicho sasa kinaitwa Castelnuovo Don Bosco, na jina hilo limo pia katika mvinyo mmoja mwekundu mtamu wa hapo, Malvasia di Castelnuovo Don Bosco. Mapadre waliojenga misheni za Murang'a na Nyeri walitoka katika nchi ya mizabibu, na ibada yao ilihitaji mvinyo wa zabibu kila siku, kwa kuwa Kanisa Katoliki halikubali kinywaji kingine katika misa. Sehemu kubwa ya historia ya mzabibu katika Afrika Mashariki imeanzia altareni.

Toscana ndiko wazo la mpaka lilikopata umbo la sheria mapema. Mwaka 1716 mtawala wa huko, Cosimo III wa ukoo wa Medici, alitoa amri iliyotaja mipaka ya maeneo manne ya mvinyo: Chianti, Pomino, Carmignano na Valdarno di Sopra. Mvinyo wa nje ya mipaka haukuruhusiwa kubeba majina hayo. Ilikuwa amri ya mfanyabiashara: alitaka mnunuzi wa ng'ambo asidanganywe, na sifa ya nchi yake isiharibiwe na walanguzi. Mwaka 1872 Bettino Ricasoli, mwenye ngome ya Brolio na aliyewahi kuwa waziri mkuu, alieleza mchanganyiko wa Chianti: Sangiovese iwe msingi, Canaiolo ilainishe, na Malvasia nyeupe itiwe katika mvinyo wa kunywewa mapema.

Uzuri wa Toscana una upande ambao vitabu vya utalii huupitia haraka. Nyumba zile za mawe zilizotawanyika juu ya vilima, kila moja na mseprasi wake mrefu, zilikuwa makao ya wakulima wa nusu kwa nusu. Familia ililima shamba la bwana, ikampa nusu ya mavuno, na haikuwa na uhakika wa kubaki. Ndiyo maana shamba moja lilikuwa na mizabibu, mizeituni, ngano na mifugo pamoja: familia ilipaswa kujilisha hapo hapo. Mikataba mipya ya aina hiyo ilipigwa marufuku mwaka 1964, watu wakahamia mijini, na mashamba mengi yakabaki matupu. Mandhari inayosifiwa leo ilikaribia kupotea katika miaka ile ile ambayo Kenya ilikuwa inaanza kugawa ardhi yake upya.

Kilichoiokoa, kwa sehemu kubwa, ni sheria ya mwaka 1963 iliyoweka daraja la DOC, yaani jina la asili linalosimamiwa. Kila jina lilipewa ramani, aina za zabibu zinazokubaliwa, kiwango cha juu cha mavuno kwa hekta na njia ya kutengeneza. La kwanza kuidhinishwa, mwaka 1966, lilikuwa Vernaccia di San Gimignano, mvinyo mweupe wa Toscana. Mwaka 1980 daraja la juu zaidi, DOCG, lilianza kutolewa, na Barolo na Brunello di Montalcino zilikuwa miongoni mwa za mwanzo. Matokeo yake yalionekana ardhini: hekta moja iliyo ndani ya mstari wa Barolo ikawa na bei ambayo hekta ya pili yake, nje ya mstari, haikuifikia. Mwenye shamba hakuwa na sababu ya kujenga nyumba juu yake.

Sheria hizo hazikuzuia kila ovu. Mwaka 1986 watengenezaji wachache wa mvinyo wa bei ya chini kaskazini mwa Italia waliutia methanoli ili kuongeza nguvu, na zaidi ya watu 20 wakafa. Wakenya wanaijua sumu hiyo. Novemba 2000 zaidi ya watu 100 walikufa Nairobi kwa kunywa pombe iliyotiwa methanoli, na misiba kama hiyo imerudi tena na tena. Sheria ya Kenya ya mwaka 2010, iliyozoeleka kwa jina la Sheria ya Mututho, ilifuta marufuku ya chang'aa na kutaka itengenezwe kwa viwango na kufungwa katika chupa. Baada ya 1986 watengenezaji wa Italia walijikita katika swali la kinywaji kilitoka shamba gani. Nchini Kenya mjadala umebaki kwenye leseni na saa za kufungua baa, na swali la shamba bado halijaulizwa kwa uzito unaostahili.

Visiwa vya kusini vinafanana zaidi na nchi kavu za Afrika. Kwenye miteremko ya volkano ya Etna, huko Sicilia, zabibu ya Nerello Mascalese huota katika majivu ya volkano, juu ya matuta yaliyozungushiwa kuta za mawe meusi, baadhi yake karibu mita 1,000 juu ya usawa wa bahari. Pantelleria, kisiwa kilicho karibu zaidi na Tunisia kuliko Sicilia, hakina mto, na upepo huvuma karibu mwaka mzima. Wakulima huchimba shimo, huupanda mzabibu ndani yake, kisha huupogoa uwe kichaka kifupi kinachojificha chini ya upepo na kunasa umande. Kazi yote ni ya mkono. Mwaka 2014 UNESCO iliitambua desturi hiyo kuwa urithi usioshikika wa binadamu, heshima ambayo, kama itakavyoonekana, Wamaasai nao wanayo.

Mkoa wa Veneto unaonyesha hatari ya mafanikio. Prosecco, mvinyo mweupe wa mapovu, ulitoka kwenye vilima vikali kati ya Conegliano na Valdobbiadene, ambako matuta ya nyasi hushikilia udongo na mashine haziwezi kupita. Mwaka 2009 eneo linaloruhusiwa kutumia jina lilipanuliwa mpaka tambarare za mikoa miwili, na zabibu yenyewe ikapewa jina la Glera ili neno Prosecco libaki la mahali. Vilima vya asili viliingia Urithi wa Dunia mwaka 2019. Wakosoaji wa huko hulalamika kwamba mzabibu umefukuza misitu na malisho. Wana haki ya kulalamika: mpaka uliopanuliwa mno huacha kulinda nchi na kuanza kuimeza.

Katika Afrika Mashariki mkoa wa mvinyo wenye sifa hasa ni Dodoma, nchini Tanzania. Wamisionari Waitaliano walipanda mizabibu Bihawana katika miaka ya 1950, kwa ajili ya misa kwanza, na wakagundua kwamba nchi ya Wagogo inaifaa. Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, mvua yake ni ya msimu mmoja tu, kati ya Novemba au Desemba na Aprili, na miezi inayobaki ni mikavu. Ukavu huo hushika nafasi ya majira ya baridi: mkulima hupogoa, mzabibu hupumzika, kisha huchipua. Kwa kupogoa kwa mpango, shamba lile lile huvunwa mara mbili kwa mwaka, jambo lisilowezekana Italia. Zabibu nyekundu ya Makutupora, iliyopewa jina la mahali penye kituo cha utafiti wa zabibu, imekuwa alama ya mkoa, na huko Hombolo kampuni yenye asili ya Kitaliano ilipanda aina za kwao, zikiwemo Aglianico, Teroldego na Marzemino. Wakulima wengi ni wadogo, wenye ekari moja au mbili, na shida yao kubwa ni soko. Zabibu haziwekwi ghalani kama mtama. Kiwanda kikijaa, huoza. Dodoma imekwisha kuwa na nchi na mikono. Kinachokosekana ni mpaka wa kisheria utakaomlazimu anayeandika Dodoma kwenye chupa kununua zabibu za Dodoma.

Kajiado iko karibu na digrii 2 kusini mwa ikweta, na mvua zake huja mara mbili, Machi hadi Mei na Oktoba hadi Desemba. Mzabibu hapo haulali kwa urahisi, na magonjwa ya ukungu huupata kila msimu. Udongo mweusi wa Kitengela na Isinya, uliotokana na miamba ya volkano ya Kapiti, hupasuka kiangazi na kugeuka tope zito masika, na mizizi ya mzabibu haivumilii kusimama majini. Jaribio la Kenya lililodumu liko Naivasha, katika shamba la Morendat, ambako hutengenezwa mvinyo uitwao Leleshwa. Leleshwa ni kichaka chenye majani ya kijivu na harufu kali ambacho Wamaasai hukijua vizuri, na kinaota Kajiado pia. Jina la mmea wa nchi ya Wamaasai limefika kwenye chupa ya zabibu, huku kinywaji chao wenyewe kikiwa hakina chupa wala jina sokoni.

Nchi ya kinywaji hicho ni kaunti ya karibu kilomita za mraba 22,000, inayoshuka kutoka kilele cha Ngong, mita 2,460, mpaka Magadi kwenye sakafu ya Bonde la Ufa, karibu mita 600. Kaskazini-mashariki kuna tambarare za Kaputiei, ambako Kitengela imo. Katikati wako Ildalalekutuk, kusini Matapato, magharibi Iloodokilani, upande wa Ngong Ilkeekonyokie, na chini ya Kilimanjaro Ilkisongo. Kila olosho, yaani kila moja ya sehemu hizo za Wamaasai, ilikuwa na mipaka yake ya malisho na maji, na wazee wake walijua mpaka uko wapi bila ramani. Mpangilio huo una undani sawa na wa wilaya 11 za Barolo.

Miti hubadilika kwa mteremko. Kwenye udongo mweusi hutawala eluai, mgunga mfupi wenye vinundu vinavyokaliwa na sisimizi wadogo. Kwenye mchanga na mawe ya Bissil na Namanga kuna oiti, mgunga wenye miba iliyopinda ambao maua yake meupe nyuki huyapenda kupita mengi. Chini zaidi kuna oltepesi wenye kivuli cha mwavuli. Kihistoria Wamaasai hawakuwa wafugaji wakubwa wa nyuki. Asali waliipata mwituni, mara nyingi kwa kumfuata mlembe, ndege anayewaongoza watu kwenye mzinga, au waliipata kwa Wadorobo na majirani Wakamba kwa kubadilishana na mifugo.

Enaisho hutengenezwa kwa asali, maji na osuguroi, yaani mizizi ya mshubiri. Mizizi hukaushwa na kutiwa ndani ya kibuyu kikubwa pamoja na asali iliyokwisha kuchanganywa na maji, na kibuyu huwekwa karibu na moto ili joto lisipungue. Mizizi hiyo huleta chachu na uchungu kidogo unaokata utamu. Wakikuyu na Wakamba hutumia tunda la mwegea kwa kazi hiyo hiyo. Maandishi ya mwanzoni mwa karne ya 20 yanaeleza kwamba mwanamume na mwanamke walioteuliwa kutengeneza kinywaji walitengewa nyumba yao, wakatakiwa kujizuia kulala pamoja siku mbili kabla ya kuanza na siku zote sita za kuchachua. Umakini huo haupungui ule wa mtunza mapipa wa Montalcino, na lengo ni lile lile, kinywaji kisiharibike.

Kinywaji hiki hakikuwa cha kila siku wala cha kila mtu. Morani hakukigusa, kukinywa kulikuwa haki ya uzee. Asali na pombe ya asali vilipelekwa kwa hatua katika posa, na bila hivyo mazungumzo ya ndoa hayakuendelea. Wazee hukinyunyiza kwa mdomo wanapobariki, na hukinywa katika sherehe za rika. Mwaka 2018 UNESCO iliziingiza Enkipaata, Eunoto na Olng'esherr, sherehe tatu za rika za wanaume wa Kimaasai, katika orodha ya urithi usioshikika unaohitaji kulindwa kwa haraka. Hilo neno haraka lina maana nzito Kajiado.

Wamaasai walisukumwa kusini na mikataba ya 1904 na 1911, na Kajiado ni sehemu ya nchi iliyobaki. Sheria ya mwaka 1968 iliunda ranchi za jumuiya. Ile ya Kitengela ilianza kugawanywa mwaka 1988. Miaka miwili baadaye eneo la viwanda vya bidhaa za kuuza nje lilianzishwa Athi River, wafanyakazi wakahitaji nyumba, na sensa ya 2019 ikakuta Kitengela ina zaidi ya watu 150,000. Katika eneo hilo hilo nyumbu na pundamilia wa Hifadhi ya Nairobi walikuwa wakipita kwenda kusini kila masika. Kuanzia mwaka 2000 baadhi ya familia zililipwa kwa kila ekari ili zisijenge uzio, na Baraza la Kaunti ya Olkejuado likatayarisha mpango wa matumizi ya ardhi wa Kitengela, Isinya na Kipeto wa 2006 hadi 2026, uliotenga maeneo ya mifugo na wanyamapori. Ulikuwa mpango mzuri. Ulikosa kile ambacho Barolo inacho: zao lenye jina, linalompa mwenye ekari sababu ya fedha ya kuiacha wazi. Malipo ya hisani hukoma mfadhili akiondoka, na bei ya kiwanja haingoji.

Vifaa vya kisheria vipo. Sheria ya Alama za Biashara ya Kenya inaruhusu jina la mahali kusajiliwa kuwa alama ya pamoja ya watu wa mahali hapo, na Sheria ya Ardhi ya Jumuiya ya mwaka 2016 imefungua njia kwa ranchi za zamani kusajili ardhi yao kwa jina la jumuiya. Asali ya oiti ya Matapato inaweza kuwekewa mpaka, aina za miti, msimu wa kurina na kipimo cha maji, kama Vernaccia ilivyowekewa mwaka 1966. Mizinga ya kisasa ya vijiti vya juu, iliyobuniwa Kenya katika miaka ya 1970, humwezesha mwanamke kurina bila kupanda mti wala kuua kundi. Kwa kinywaji chenyewe, wazee ndio wanaopaswa kuamua kama kitoke nje ya sherehe. Asali inaweza kubeba jina bila kibuyu kuguswa.

Kitengela yenyewe imechelewa kwa sehemu kubwa, kwa kuwa miti imekwisha na uzio umesimama. Kusini hali ni tofauti. Shompole na Olkiramatian, upande wa Magadi, bado huendesha malisho kwa pamoja, zikitenga eneo la kiangazi na eneo la masika. Matapato na Ilkisongo zina misitu ya migunga ambayo mchoma makaa hajaimaliza, na katika maeneo hayo mzee wa olosho bado anaweza kutembea na kijana na kumwonyesha mpaka ulipo.